Risala ya Timu ya Vijana kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kufunga Msimu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali ya mtaa,
Wazazi, walezi, makocha na wachezaji wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha jioni hii tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wa timu ambayo haina hata jukwaa la kukukalisha. Karibu Mbagala. Vumbi utatusamehe, ungekuja wakati wa masika tungekuomba msamaha wa tope.

Tulipokaa kuandika risala hii, wengi walitaka tuanze na mahitaji: mipira, jezi, nyavu za magoli. Mahitaji yapo na tutayafikia. Lakini tumeona tuanze na mtu ambaye jina lake hupigiwa kelele uwanjani hapa kila mtoto anapofumania nyavu, Mbwana Ally Samatta, kwa sababu ombi letu la leo limetoka ndani ya safari zake.

Ndugu Mgeni Rasmi, Samatta alizaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992. African Lyon, klabu aliyoanzia ngazi ya juu, kabla ya kubadili jina iliitwa Mbagala Market. Kwa hiyo tukisema ni wa kwetu hatujipendekezi. Mwaka 2010 akaenda Simba, na pale hakukaa sana. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, katika Ligi ya Mabingwa Afrika, wakafungwa. Watu wetu wengi walirudi nyumbani na hasira. Mazembe wao walirudi na jina la kijana wa miaka 18, na mwaka huohuo wakamchukua. Timu ilipoteza mechi, mmoja wao akapata kazi.

Watu wakisimulia habari za Samatta huipita Kongo mbio ili wafike Ulaya. Sisi tunaomba tusimame hapo kidogo. Alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano, sehemu kubwa akiwa na Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu. Miaka mitano kwa straika kijana ni mingi. Mwingine angeona amesahaulika, angerudi nyumbani kula sifa. Yeye alibaki mpaka 2015, Mazembe walipofika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza ilichezwa Algiers, Mazembe wakashinda 2-1, na moja la mabao hayo lilikuwa penalti ya Samatta. Marudiano Lubumbashi wakashinda 2-0, na hapo pia alipiga penalti ikaingia. Kocha wetu hupenda kutuuliza: ni nani kati yenu angeomba mpira wa penalti ya pili baada ya kufunga ya kwanza? Mara nyingi tunaangalia chini. Januari 2016, mjini Abuja, Samatta akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa ameipata tuzo hiyo kabla yake.

Dirisha dogo la usajili la mwezi huohuo likampeleka Genk, Ubelgiji. Wapo waliouliza Genk ndiyo nini, maana mtaani tulikuwa tunajua Arsenal na Barcelona. Ndiyo ilikuwa klabu yenyewe aliyoihitaji. Ilimpa dakika, ikamvumilia alipoumia goti mwishoni mwa 2017, na msimu wa 2018/19 akaipa mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Mwaka huo akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Septemba 2019 akafunga dhidi ya Salzburg katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, ingawa timu yake ilipigwa 6-2. Novemba akafunga kwa kichwa Anfield, mpira wa kona, mbele ya Liverpool. Usiku ule vibanda umiza vya huku, vya kuonyeshea mpira, vilifunguliwa kwa ajili ya Genk. Hatudhani vitafunguliwa tena kwa ajili hiyo.

Ndugu Mgeni Rasmi, sehemu inayofuata ndiyo huwa hatuisemi vizuri kwa wadogo zetu. Januari 2020 Samatta akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, akafunga. Tarehe 1 Machi, fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, akafunga kwa kichwa dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini nchi nzima ililala na bao lile. Wiki chache baadaye korona ikasimamisha ligi. Iliporudi, mabao hayakurudi nayo. Kufikia Septemba alikuwa Istanbul, Uturuki, katika klabu ya Fenerbahçe.

Mtaani wakasema amefeli. Sisi hatukubaliani nao. Beki akikosea mara moja husamehewa asipokosea tena. Straika hudaiwa kila Jumamosi, na bao la juzi halilipi deni la leo. Kocha akibadilika, mfumo ukibadilika, mwenye namba tisa mgongoni ndiye wa kwanza kuambiwa atafute nyumba mahali pengine. Ndiyo maana washambuliaji wengi duniani huishi na masanduku mlangoni. Kutoka Uturuki Samatta alitolewa kwa mkopo Antwerp ya Ubelgiji, kisha kwa mkopo tena akarudi Genk. Juni 2023, siku ya mwisho ya ligi, Genk walikuwa dakika chache tu kutoka kwenye ubingwa, ndipo Toby Alderweireld wa Antwerp akasawazisha dakika za nyongeza na kombe likaenda Antwerp. Yaani timu aliyoiacha mwaka mmoja nyuma ndiyo iliyomnyang'anya. Mwezi uliofuata akasaini PAOK ya Ugiriki, na mwaka 2024 akawa bingwa wa nchi hiyo. Mwaka 2025 akahamia Le Havre ya Ufaransa.

Tumehesabu, Ndugu Mgeni Rasmi: klabu tisa, nchi saba. Na katikati ya safari hizo alifunga kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa. Mwaka 2019 Misri, Tanzania ikicheza fainali za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1980, alitufungia dhidi ya Kenya. Tulifungwa 3-2. Hilo tuliache hapo.

Sasa tufike kwenye ombi letu.

Katika kanuni za FIFA za uhamisho kuna kifungu cha mchango wa mshikamano. Mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kuanzia 12 hadi 15 una robo ya asilimia, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una nusu ya asilimia. Inasikika kama chenji. Lakini kwa mchezaji anayeuzwa dola milioni 1, klabu iliyokaa naye miaka minne ya mwanzo inapata dola 10,000, na akiuzwa tena hesabu inafanywa upya. Straika mwenye masanduku mlangoni ni neema kwa timu iliyomlea, maana kila anaponunuliwa anaikumbuka bila hata kupiga simu.

Anaikumbuka kama karatasi zinaikumbuka. Malipo haya tangu mwishoni mwa 2022 yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na ofisi hiyo inasoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya kila klabu aliyosajiliwa na tarehe zake. Timu ya mchangani isiyosajiliwa kwenye chama cha soka haimo katika orodha hiyo. Hata kama ndiyo iliyomfundisha mtoto kutumia mguu wa kushoto.

Sisi hatumo. Misimu miwili iliyopita kijana wetu, mshambuliaji, alichukuliwa na timu moja ya ligi. Tulifurahi, tukampikia pilau. Siku ya kumsajili, fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika klabu alikotoka, ikaandikwa hakuna. Alikuwa amecheza kwetu tangu ana miaka 11. Aliyeandika hakutudhulumu, maana kwenye kumbukumbu kweli hakuna. Tulikuwa na daftari moja la mahudhurio, likaloa mvua, na nusu ya vijana wetu hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao tunauhesabu kwa kuwauliza mama zao.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, mipira tunaihitaji na ukitupa tutapokea kwa mikono miwili. Tunayo minne, mmoja umeshonwa mara tatu. Jezi tunazo za kuazimana. Lakini tukiambiwa tuchague kimoja, tunaomba utusaidie gharama na mwongozo wa kuisajili timu hii kwenye chama cha soka cha wilaya, na utusemee kwa wahusika ili vijana wasio na vyeti wavipate kupitia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Tunaomba pia kompyuta moja, hata iliyotumika, ya kuweka kumbukumbu: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoingia, siku aliyotoka. Mwalimu mmoja wa sekondari amejitolea kuitunza nyumbani kwake na kutufundisha kuitumia.

Vijana wetu wa chini ya miaka 15 wamejipanga pale nyuma ya goli la kusini. Baada ya risala hii watacheza dakika 20 na wenzao wa mtaa wa pili. Tunakuomba uangalie namba 10 wa kwetu, yule mfupi wa soksi zisizofanana. Amezaliwa mwaka gani, mama yake anasema ni 2012, bibi yake anasema ni 2013.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wachezaji na kusomwa kwako na katibu wa timu.