Nimemaliza kuwasomesha wadogo zangu. Sasa nijitolee kwa lipi?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, fundi cherehani hapa Korogwe, mkoani Tanga. Sina deni, afya yangu ni njema na sina ugomvi na ndugu zangu. Kinachonisumbua ni kwamba kila nilichokuwa nikikihangaikia tangu utotoni kimekamilika, na sijui miaka niliyojaliwa kuwa nayo mbele yangu niielekeze wapi. Nimelizungumza jambo hili na watu wangu wa karibu, lakini wengi hudhani nalalamika, ilhali mimi nauliza.

Ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Marehemu baba, aliyekuwa mkata mkonge, alifariki mwaka niliomaliza darasa la saba, wakati mama akimnyonyesha mdogo wetu wa mwisho. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na hakuna aliyenikataza. Ilikuwa tu wazi, kwangu na kwa mama, kwamba mkono wa pili wa kutafuta riziki katika nyumba ile ulikuwa wangu. Jirani mmoja, Mungu amrehemu, akanifundisha kushona. Ada za shule za msingi zilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulipumua kidogo, lakini ada za sekondari za serikali hazikufutwa hadi mwaka 2016, na wakati huo wadogo zangu walikwisha kuzimaliza. Kila Desemba na Januari, wazazi wanapotafuta sare za watoto, nilikuwa nikishona hadi usiku wa manane, nikijua kwa hakika sketi zile na kaptula zile zitageuka kuwa madaftari ya nani na nauli ya nani. Mdogo wetu wa mwisho alipofika chuo kikuu alipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, ila haukutosha kila kitu, na upungufu ule niliubeba mimi. Siyaelezi haya ili nidai fadhila. Nayaeleza kwa sababu katika miaka yote ile sikuwahi, hata siku moja, kujiuliza ninaishi kwa ajili ya nini.

Baada ya hapo ikaja nyumba ya mama, tofali kwa tofali hadi bati la mwisho, na nyumba ilipokamilika mama akapata kiharusi, nami nikamuuguza hadi alipofariki mwaka jana. Arobaini ilipopita na ndugu wakarejea makwao, ndipo nilipotambua kwamba hakuna tena anayenitegemea. Nimeendelea kushona, fedha zinaingia, na mara nyingi nakaa nazo nisijue nizitumie kwa lipi. Huzuni ya msiba naijua, na nimeiomboleza ipasavyo. Hili ninalolisema ni jambo jingine, na nadhani lingenifika hata kama mama angekuwa hai na mzima.

Ndugu zangu wameliona, kila mmoja kwa namna yake. Mdogo wangu wa kiume anayeishi Dodoma ananitaka nifunge ofisi yangu ya ushonaji nihamie kwake. “Dada, umetumikia vya kutosha, sasa pumzika,” ananiambia, na najua anasema kwa moyo wake wote. Wifi yangu ameajiriwa, watoto wao bado wadogo, na wote wawili wangefurahi mtu wa damu yao awepo nyumbani. Nawapenda watoto wale mno. Hata hivyo, nikiitafakari safari hiyo naona kwamba nitakuwa nimeanza tena ujana wangu, yaani kulea watoto wa mwingine na kuyapanga maisha yangu kwa ratiba ya shule yao, tofauti ikiwa kwamba safari hii hakuna shida inayonilazimisha. Shangazi kwa upande wake ameniletea habari za mgane mmoja, mtu mwema, anayetaka kutuma washenga. Zamani nilizikataa posa kwa kuhofia mume ambaye hangekubali fedha zangu ziende kwa wadogo zangu. Leo kizuizi hicho hakipo, lakini sitaki kuolewa ili tu nipate wa kumhudumia.

Ninachokitamani mimi ni kusoma. Wazo hili lilinijia kupitia binti mmoja aliyekuwa akijifunza kushona kwangu baada ya kukatiza masomo kwa sababu ya ujauzito. Serikali iliporuhusu mwishoni mwa mwaka 2021 mabinti wa aina yake warudi shuleni, nilimhimiza arudi, na siku aliponionyesha daftari lake la kemia nilihisi furaha iliyochanganyika na kitu ambacho nilichukua muda kukikubali: nami nililitaka daftari lile. Nimeulizia, na nimeelezwa kwamba mtu ambaye hakupita sekondari anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ambao wengi tunauita QT, na akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fedha za kujisajili ninazo, na jioni ninao muda wa kusoma.

Nilipomweleza mdogo wangu, aliniuliza kwa upole cheti cha kidato cha nne kitanisaidia nini katika umri huu. Swali lake limenikaa rohoni, kwa kuwa sina jibu la aina aliyoitaka. Sitafuti ajira, ufundi wangu unanilisha. Ningeweza kumwambia kwamba nikielimika nitawafundisha vizuri zaidi mabinti wanaokuja kujifunza kwangu, na pengine ni kweli, lakini nitakuwa nimetafuta tena mtu mwingine wa kuhalalisha jambo ninalolitaka mwenyewe. Nataka kuelewa yale ambayo wadogo zangu walikuwa wakiyasoma kwa sauti chini ya taa, nami nikiwa kwenye cherehani nikisikia bila kufahamu.

Kwa hiyo naomba unishauri katika mambo haya. Je, mtu aliyeishi utu uzima wake wote kwa wajibu ajuaje kwamba tamaa aliyo nayo sasa ni lengo la kweli, na si njia ya kuukimbia utupu ulioachwa na msiba? Je, ni haki kwangu kutumia miaka kadhaa kwa jambo ambalo faida yake haimfikii mwingine? Na mdogo wangu nimjibu vipi, ili asidhani nimeikataa shukrani yake, ambayo najua amekuwa akiiandaa tangu siku alipopata mshahara wake wa kwanza? Anategemea jibu langu kabla ya likizo ya Juni, kwa kuwa amepanga kuja na familia yake kunisaidia kuhama. Wasomaji waliopita njia hii, hasa vifungua mimba wenzangu, nao nitawashukuru wakinieleza walichokifanya.

Wako katika kusubiri ushauri,
Dada Mkubwa, Korogwe