Barua kwa vijana mnaorudi Palma na Mocímboa da Praia

Wajukuu zangu,

Nyinyi mnarudi Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji; nami nawaandikia kutoka Mtwara, Tanzania, ng'ambo hii ya mto Ruvuma. Wapo miongoni mwenu mliokimbilia huku mkarudishwa mpakani, na wazee wengi jambo lile halikutupendeza.

Sasa TotalEnergies, kampuni ya Kifaransa iliyosimamisha mradi wa gesi wa Afungi, jirani na Palma, Aprili 2021 baada ya Palma kushambuliwa na waasi, wametangaza kurejea. Kila kijana anatafuta kibarua getini. Tafuteni, siwakatazi. Ila nawaomba muulizie ya korosho.

Vita vya Msumbiji kati ya Frelimo, chama tawala, na waasi wa Renamo vilikwisha 1992 kwa mkataba wa Roma, wafadhili wakaja na fedha pamoja na masharti. Mwaka 1995 Benki ya Dunia ikaibana serikali ipunguze kodi ya kusafirisha korosho ghafi, ili mkulima apate bei nzuri. Hoja haikuwa ya kipuuzi, kwani kodi ile ilimbana mkulima kweli. Basi korosho zikapakiwa melini na maganda yake, zikabanguliwe India. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi, wengi wao wanawake. Na mkulima? Wanauchumi waliopiga hesabu baadaye walikuta ameongezewa dola chache tu kwa mwaka. Kubwa lilibaki kwa wachuuzi na wasafirishaji. Mwaka 1999 kodi ikapandishwa tena, ikawekwa kati ya asilimia 18 na 22, lakini kiwanda kilichofungwa hakifufuki kwa sheria. (Hata huku kwetu viwanda kadhaa vya korosho viligeuzwa maghala, msidhani tunawacheka.)

Kwa hiyo wa gesi na wafadhili wakiwaita mkutanoni kuwauliza mahitaji yenu, msianze na semina. Ulizeni zabuni. Madawati ya shule yatachongwa na seremala wa Mocímboa, au yatashushwa kwenye kontena? Samaki wa kambi ya gesi atanunuliwa kwa mvuvi wa Palma, au atakuja amegandishwa? Kisha ulizeni malipo yanatoka baada ya siku ngapi. Seremala aliyekopa mbao akilipwa baada ya siku 90, amekwisha, hata kama zabuni aliipata kihalali.

Wala msitegemee mnunuzi mmoja. Majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yaliingia 2021 kupambana na waasi, yakaondoka 2024. Wa gesi nao walishaondoka mara moja. Ukimuuzia mkate mwenye kambi, muuzie na jirani yako, hata kwa faida ndogo.

Babu yenu,
Mtwara