Salamu za Idd el Fitri

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa niaba ya familia yetu, nawatakieni Idd njema ndugu zangu wote wa Unguja na Pemba, pamoja nanyi mlioko Maskati, Dubai na kwengineko. Mwenyezi Mungu azitakabalie funga zetu, awarehemu waliotutangulia na atufikishe mwakani tukiwa wazima.

Mwaka huu umekuwa mzito. Mchele na sukari vimepanda tangu Shaaban, na wapo waliofuturu kwa uji mtupu wakasema alhamdulillah. Kwetu Paje msiba umezidi ughali, kwani Shangazi alitutoka mwezi wa Rajabu, na hii ndiyo Idd ya mwanzo bila yeye.

Wengi mlimjua kwa mwani. Aliingia pwani mwaka 1989, kilimo hicho kilipoanza kushika hapa kwetu, akiwa mjane mwenye watoto wanne, akafuata kila bamvua na vigingi vyake kichwani, akifunga miche kwa taitai, vile vikamba vidogo, hadi vidole vikachanika na chumvi ikaingia humo humo. Mwani wa cottonii ulipoanza kufa kwa joto la maji alihamia aina nyingine, spinosum, ambao bei yake ni ya kusikitisha, wala hakuiacha pwani.

Ilipokuja pensheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliotimia miaka 70, tulidhani atapumzika. Kumbe akawa anaidunduliza ili kila mwisho wa Ramadhani awanunulie mchele mayatima wa jirani, mbali na fitri yake mwenyewe. Mwaka jana nilimshikia mfuko akipima: vibaba vinne, kisha konzi moja juu. Nilipouliza ya nini, akasema mkono wake umeanza kutetemeka, asije akampunja yatima.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba tutatoa tukishapata. Aliyevumilia shida haachi kumtambua mwenye shida, na uzee haukuwekwa ili tukae barazani kungojea kuletewa. Tuliopewa nguvu tuna hoja gani mbele ya Mola wetu, ikiwa mwenye mikono iliyochanika alitutangulia kwa kheri?

Usiku wa kuamkia leo nilikitoa kibaba chake kabatini, nikapima mimi. Konzi ya juu sikuisahau.

Minal aidin wal faizin.

Wassalaam.