Benye kuya na batoto ku mitingi

Jambo bamama na batata, siku ya yenga tunakutana ku Place de la Poste, sasa benye kuya na batoto badogo naomba muniskie muzuri: muandike numero ya telefone yenu na bik ku mukono ya mutoto, juu karatasi ya mu mufuko inaangukaka. Mwenye hayayua kutembea mumubebe ku mugongo na kitenge, pusete mu bantu bengi hapana. Kichanga, miye naona abakie ku nyumba na nkambo. Musisimame karibu na bafle, ile makelele inaumizaka masikio ya batoto sana, na bantu bakianza kusukumana musingoje hotuba iishe, mutoke polepole pa kando. Maji musisahau.