Barua kwa mwanangu: raundi ya kwanza lipa wewe

Mwanangu,

Dada yako kaniambia ratiba yenu ya London imeshatoka, na kwamba siku ya kwanza tu mkimaliza kazi wenzako wamepanga mkale baa moja ya kale inaitwa The George, kule Southwark. Picha kanionyesha kwenye simu. Nimefurahi, sikufichi, ila usingizi umenipungua, na wala sio sababu ya ndege. Ndege itafika. Mimi wasiwasi wangu ni raundi.

Unajua mimi sio mtu wa kumkataza mtu bia. Ada yako imetoka kwenye kreti, japo ulipokuwa sekondari ukiulizwa mama anafanya nini ulikuwa unajibu "biashara" na unanyamaza hapohapo. Leo unavuka bahari kwenda kupiga picha kaunta. Haya baba, nenda, na piga nyingi unitumie.

Maana baa yenyewe ni ya kuonwa. Dada yako kanisomea, mwaka 1676 moto uliunguza sehemu kubwa ya Southwark, nayo ikaungua, wakaijenga tena 1677 na mpaka leo inauza. Enzi zile wasafiri walikuwa wanakuja na magari ya farasi wanalala hapo ndo safari inaendelea, ndo maana ina zile baraza za mbao juu kwa juu zinatazama uani. Zamani majengo yalikuwa yameuzunguka ua, wakaja watu wa reli wakabomoa, umebaki upande mmoja tu, na London nzima haijabaki nyingine ya namna hiyo. Sasa iko mikononi mwa National Trust, shirika lao la kutunza majengo ya kale, tangu 1937. Mi bati nimeezeka juzijuzi tu hapa na kaunta inavuja.

Sasa turudi kwenye raundi. Kule baa hakuna mhudumu wa kukufuata mezani kwa kinywaji, unaenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa palepale. Kwaiyo wakiwa kundi mmoja anasimama ananunulia wote, akimaliza anasimama mwingine, na mkiwa sita ujue hizo ni glasi sita kabla zamu haijarudi kwa wa kwanza. Na glasi yao ni painti, mililita 568, inaipita chupa yetu ya nusu lita. Ile bia yao ya pipa inakaa chini handakini, haigandi kwa baridi, ni kama nyuzi 11 mpaka 13 hivi, haina gesi nyingi, inashuka kama uji. Mtu anasema mbona hii nyepesi, anasimama anakuta miguu haipo. Na wewe baba kukataa hujui. Hata kwa shangazi yako ulikuwa unashiba unaongezewa na unakula, ukija nyumbani unalalamika tumbo.

Nisikilize mimi niliyesimama nyuma ya kaunta. Raundi ya kwanza lipa wewe. Usingoje. Anayelipa wa kwanza hadaiwi na mtu, akitaka kuondoka saa mbili usiku anaondoka na hakuna wa kumtupia neno. Yule anayengoja zamu yake ndo anafungwa, keshanywa za watatu, anaona aibu kuaga kabla hajazungusha meza, akizungusha na wengine wanarudisha, hapo ndo usiku unapoharibika. Nimewaona wengi. Nilikuwa nikiona glasi imebaki vidole viwili nauliza "niongeze?" na wewe nakuuliza, hizo sare za shule zilikuwa zinatoka wapi? Kwaiyo na mimi naijua hiyo njia kwa upande ambao we huujui.

Ukishalipa ya kwanza, zinazofuata sema nusu painti, ipo na hawakushangai, au soda. Maji ya bomba kwa sheria ya Uingereza baa inakupa bure ukiomba, omba. Na kula kwanza! Jiko linafungwa mapema kuliko kaunta, usije ukasema tunywe kidogo kisha tuagize ukaambiwa mpishi keshaenda. Agizeni chakula mkifika. Kadi yako usiiache kaunta eti wataandika mwisho mtalipa, lipa kila unachoagiza, mwisho wa usiku hakuna anayekumbuka nani kaongeza nini. Na beba kitambulisho, baa nyingi kule wakikuona kama hujafika 25 wanakudai japo sheria ni 18, na sura yako hiyo ya kitoto umeichukua kwa baba yako.

Watakapogonga kengele usishtuke, ya kwanza ni kwamba wanaotaka kuagiza mwisho waagize. Sasa hiyo ndo raundi mbaya kuliko zote, kila mtu anakimbilia kaunta anabeba mbili mbili. Hiyo kengele ikukute umeshalala.

Kuna kitu kimoja zaidi dada yako kanisomea, hiki nenda ukakione kwa ajili yangu. Mtaa huohuo wa Borough High Street, kutembea kidogo tu, palikuwa na gereza la wadaiwa, Marshalsea, kipande cha ukuta wake bado kipo. Baba yake Charles Dickens alifungwa humo 1824 kwa deni la mwoka mikate, na mtoto akiwa na miaka 12 alikuwa anafanya kazi kwenye ghala la rangi ya viatu, anabandika karatasi kwenye vikopo. Huyo mtoto ndo alikuja kuwa mwandishi mkubwa na hapo The George alikuwa anaingia. Nimecheka, halafu nikalitazama daftari langu la madeni. Gereza kama hilo lingekuwa hapa jirani, wateja wangu wote wangekuwa ndani na mwoka mikate na mimi tungekaa getini tunauliza hela yetu.

Kuhusu kazi mliyotumwa sina la kukufundisha, umenipita siku nyingi, na wageni wakija hapa huwa nawaambia mpaka dada yako ananikanyaga mguu chini ya meza. Ila hao wenzako siwajui. We naweza kukuamini, meza nzima siwezi.

Usiku ule ukirudi hotelini nitumie ujumbe hata neno moja. Usinipigie, simu nitakuwa nimeiweka chaji kwa jirani maana ile soketi ya chumbani imeungua, fundi kaahidi Jumatatu, unamjua na Jumatatu zake. Friji la kaunta nalo linanguruma usiku kucha na halipoozi, gesi inavuja naona. Mdogo wako anasema tununue jingine, mi nasema litengenezwe kwanza. Hela usitume sasa, utaihitaji huko. Ila ule ufunguo wa stoo ya kreti uliondoka nao ulipokuja msibani, mpe dada yako kabla hujaenda uwanja wa ndege, tunaingilia dirishani.

Raundi ya kwanza, baba. Wewe.

Mama yako