Paili za Ghorofa Lako Zina Mwenyewe?

Mteja mmoja alitufuata sisi wahandisi wa misingi na bahasha ya karatasi za ghorofa nane alilotaka kujenga Upanga. Shida yake ilikuwa moja tu: tumwangalizie kama bei ya kuchoronga paili, yaani nguzo za zege zinazozikwa ardhini kubeba jengo, haijapandishwa. Tukafungua ripoti ya udongo, mashimo ya uchunguzi yameishia mita 15. Tukafungua mchoro wa msingi, paili zinashuka mita 20. Tukamuuliza, hizi mita tano za mwisho nani kazipigia hesabu? Akacheka, akidhani tunamtania.

Tukazipanga karatasi mezani. Mhandisi wa miundo alitoa mzigo wa kila nguzo, na pembeni ya mchoro akaandika kwamba urefu wa paili ni makadirio, mtaalamu atauthibitisha. Maabara ya udongo ilipendekeza "msingi wa paili", basi. Kampuni ya kuchoronga iliahidi kuchimba kipenyo na urefu ulio kwenye mchoro. Hakuna aliyesema uongo hapo. Ila paili zenyewe zilikuwa yatima.

Wateja wengi huogopa nondo pungufu. Lakini nondo unaweza kuzihesabu kabla zege halijamwagwa. Paili ikishazikwa, ushahidi wote unabaki kwenye karatasi, na karatasi zikiwa haziungani ndipo kila mtu anapomnyooshea mwenzake kidole.

Dar es Salaam nayo ina vituko vyake. Ukanda wa Msasani na Oysterbay una mwamba wa matumbawe. Bonde la Msimbazi lina tope na mfinyanzi ulioletwa na mto. Matumbawe ndiyo hasa yanayodanganya. Mtambo unagonga kitu kigumu saa kumi na moja jioni, lori la zege liko njiani, opereta anapiga simu: "Bosi, tumefika mwamba." Huenda ni mwamba kweli. Huenda pia ni bamba la mita moja, chini yake mchanga au uwazi. Anayejibu "simama hapo" ndiye anayesanifu paili ile, apende asipende. Kama hakuna aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi, basi kasanifu opereta.

Hata pale mwenye usanifu anapojulikana, maneno ya mkataba yanaamua mzigo wake una uzito gani. Kesi tunayopenda kuwasimulia wateja ni ya Robin Rigg, mitambo ya umeme wa upepo iliyoko baharini kati ya Uskoti na Uingereza. Kampuni ya Denmark, MT Højgaard, ilisanifu na kujenga misingi yake kwa ajili ya E.ON: kila mtambo umesimama juu ya paili moja kubwa ya chuma, na kipande cha juu kimeungwa kwenye paili kwa grauti, uji wa saruji unaoganda. Mkandarasi alifuata kiwango cha kimataifa kilichotajwa kwenye mkataba, kiitwacho J101. Baadaye ikagundulika kwamba kiwango chenyewe kilikuwa na kosa kwenye mlinganyo mmoja, thamani ikiwa imepotoka kama mara kumi. Viungo vikaanza kuteleza mwaka 2010. Marekebisho yaligharimu euro milioni 26.25.

Alipe nani, aliyefuata kitabu kwa uangalifu? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema alipe mkandarasi, kwa sababu ndani ya mahitaji ya kiufundi kulikuwa na sentensi iliyotaka usanifu uhakikishe misingi inadumu miaka 20. Sentensi moja, imefichika katikati ya kurasa nyingi. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini kuahidi umakini wa kitaaluma na kuahidi matokeo ni vitu viwili tofauti hapa pia, na bima nyingi za wahandisi hulipa cha kwanza na kukikimbia cha pili.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza kwenye mradi wa paili huwa ni ukurasa mmoja, unaosainiwa kabla mtambo haujaingia sait. Unataja nani anatoa mizigo, nani anapiga hesabu ya urefu, nani yuko sait mwenye mamlaka ya kuubadilisha, nani anapokea majibu ya paili ya majaribio. Pia nani anasanifu upya kitako cha zege kinachokaa juu ya vichwa vya paili, paili ikihama mahali pake zaidi ya milimita 75, kipimo kinachotumiwa na mikataba mingi. Msanifu awe mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na muhuri wake uwe kwenye hesabu zenyewe, si kwenye jalada tu.

Tusichofanya: hatugongi muhuri juu ya hesabu za mtu mwingine "ili kibali kitoke". Na hatusanifu paili inayopita chini ya mwisho wa shimo la uchunguzi, hata ukituhakikishia kwamba jirani yako kajenga hivyo hivyo.

Yule mteja wa Upanga aliongeza mashimo mawili ya mita 30. Kwenye mita 19 kulikuwa na tabaka la mfinyanzi laini, pale pale paili zilipopangwa kuishia. Zikarefushwa, na ile bei aliyokuja kuilalamikia ikapanda. Alinuna kidogo. Kisha akauliza ni jina la nani litakaa kwenye hesabu mpya, tukamwonyesha.