Amua kabla mpira haujafika

Upanga, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Barua yako imefika na salamu za nyumbani nimezipata. Huku wote wazima, joto tu ndilo linatutesa. Nimecheka ulivyoandika kwamba vijana wako wa Mbagala wakipokea mpira wa raga wanaganda kama mtu aliyefumaniwa. Unauliza mchezaji anaamuaje upesi hivyo: apige teke, atoe pasi, au aingie na mpira katikati ya watu? Mchezaji mzuri haamui mpira ukiwa mkononi. Anakuwa ameshaamua karibu yote, na mpira ukifika anachagua moja kati ya mawili.

Piga hesabu kidogo. Mtu anayekimbia vizuri na mpira huenda mita 7 kwa sekunde. Mkabaji anayemjia huenda, tuseme, mita 5. Kwa pamoja wanameza mita 12 kila sekunde. Kijana akipokea mpira huku mkabaji yuko mita 10 mbele yake, hana hata sekunde nzima. Jicho na ubongo vinakula kama robo sekunde kwa jambo jepesi kabisa, na kila chaguo unaloongeza linaongeza muda. Mwenye machaguo matano kichwani atalazwa chini akiwa bado yuko kwenye la tatu. Kwa hiyo usihangaike kumfundisha aamue haraka. Mpunguzie machaguo mapema.

Sehemu ya uwanja aliyosimama inampunguzia mengi. Akiwa ndani ya mita 22 zake, yaani kati ya mstari wake wa goli na mstari wa mita 22, suala la kupiga teke limeshaisha, lililobaki ni nani anapiga na lini. Pale ndani anaruhusiwa kuutoa mpira nje moja kwa moja bila kudunda, na lainauti, yaani kurusha mpira urudi uwanjani kutoka pembeni, ikawa pale ulipotokea. Ila timu yake yenyewe ikiurudisha mpira ndani ya 22, ruhusa hiyo imekufa: akiutoa moja kwa moja, lainauti inarudi usawa wa pale alipopigia. Hapa ndipo wengi wanajichoma. Senta, mchezaji wa katikati ya safu ya nyuma, anamrudishia fulbeki, mlinzi wa mwisho kabisa, pasi “ya usalama”, fulbeki anaachia teke refu la kupendeza, kisha timu nzima inarudi mita 40 ikiwa imenuna. Pasi yenyewe haikuwa na ubaya wowote, ila aliyeitoa hakuangalia miguu yake iko upande gani wa mstari.

Akiwa kati ya 22 na mstari wa katikati, kuna sheria iliyoanza kujaribiwa dunia nzima mwaka 2021 na sasa imekaa: ukipiga teke kutoka nusu yako, mpira ukadunda uwanjani kwanza kisha ukatokea pembeni ndani ya 22 ya wapinzani, lainauti ni yako. Hapo pia mpira usiwe umerudishwa na wenzako kutoka nusu ya wapinzani. Faida yake kubwa si teke lenyewe. Wapinzani wanalazimika kumbakiza winga nyuma kulinda kona, na akibaki nyuma, safu yao ya mbele imepungua mtu. Namba 10 wako, yule anayeongoza mashambulizi, basi aangalie kitu kimoja tu: winga yule yuko wapi? Amepanda, mpira uende nyuma yake kwa teke. Amebaki, mpira uende pembeni kwa mikono. Na msimu wa kusi, kwenye uwanja ulio karibu na bahari, mwambie asahau teke la juu upepo ukiwa usoni. Litarudi kumsalimia.

Sasa habari hizi zinamfikiaje namba 10 wakati yeye anautazama mpira? Kwa masikio. Mfikirie namba 9, anayeutoa mpira kwenye vurugu, kama konda na namba 10 kama dereva: konda anaona mlango, dereva anaona barabara, na gari haliondoki bila sauti. Lakini wanaoiona nafasi vizuri zaidi ni mawinga, kwa kuwa wako mbali na vurugu. Kwa hiyo taarifa itoke nje kuja ndani: winga ampe senta, senta ampe namba 10. Maneno yawe mafupi na yakubaliwe kabla ya mechi. “Nje”, wapinzani wako wachache pembeni. “Ndani”, kuna pengo karibu na raki, pale watu wanaposukumana juu ya mpira ulio chini. “Nyuma”, hakuna anayelinda nyuma. Basi. Ukisikia kijana anapiga kelele “nipe, nipe, nipe!”, huyo hajatoa taarifa yoyote, ameomba tu. Na wafundishe kuhesabu wapinzani, si wenzao. Mwenzako unajua yupo. Mpinzani aliyekosekana ndiye nafasi yenyewe.

Namba 10 naye ana macho ya kuiba. Mpira ukiwa bado chini ya miguu ya watu, atupe jicho mara mbili: la kwanza mbali, kwa winga na fulbeki wao, la pili karibu, kwa mtu aliyesimama mbele yake. Je, ni fowadi (mmoja wa wale wanaogombania mpira kwa kusukumana) mzito wa mstari wa mbele anayehema, au ni flanka, fowadi wa pembeni aliye mwepesi? Kama ni mzito na amesimama peke yake, mkimbilie bega la nje umzungushe. Kosa la kawaida ni namba 10 kukodolea macho raki kana kwamba mpira utaibiwa, halafu unapomfikia ndipo anainua uso. Hapo ameshachelewa.

Wawili dhidi ya mmoja ndipo uamuzi wote unapoonekana kwa karibu, na ndipo vijana wanapoharibu mno. Mwenye mpira akimbie wima amwelekee mkabaji, kidogo upande wa bega lake la ndani, kwa kasi ya kutisha kweli. Mpira aushike mikono miwili mbele ya kifua. Ukiwa kwapani, mkabaji anajua pasi haiji. Asimtazame usoni, kwa sababu uso unadanganya, amtazame kiuno na miguu. Viuno vikishageukia kwake na miguu ikapandwa, mkabaji amenasa: pasi itoke, mkiwa mmebakiza kama mita 2 au 3. Ikitoka mkiwa mita 6, mkabaji anateleza tu kwenda kwa mwenzako na mmepoteza faida. Ikichelewa hadi mmegusana, mpira unatoka ukiwa umeguswa mkono na kuanguka mbele, na hilo ni kosa. Viuno vikigeukia kwa mwenzako mapema, usitoe pasi kabisa, pita mwenyewe. Machaguo mawili, na anayechagua ni mkabaji, wewe unasoma tu. La mwisho hapa: asikimbie kimshazari kuelekea pembeni. Mstari wa pembeni ni mkabaji asiyechoka, na akikimbia hivyo anamsukumia mwenzake kwenye mstari huo.

Raki nayo ina uamuzi wake, na huo ni wa kila mtu. Upande wenye mpira, wawili wakishaingia na mpira uko salama, wa tatu abaki nje, isipokuwa namba 9 akimwita. Upande wa kukaba, anayefika wa kwanza ajiulize kimoja: mikono yangu itaufikia mpira kabla mtu wao hajanigusa? Kama ndiyo, aingie kupitia mlango wa nyuma, yaani kutoka upande wa timu yake, asimame kwa miguu yake, na kama ndiye aliyemwangusha mwenye mpira, amwachie kwanza. Kama siyo, asiguse, asogee pembeni ajaze safu. Ukiweka watu watatu kwenye raki ambayo wapinzani wameweka wawili, umejipunguzia mtu mwenyewe na hakuna aliyekulazimisha. Penalti nyingi za eneo hili zinatoka kwa mtu aliyefika amechelewa na bado anataka kuonekana amefanya kazi. Mpira ukishapatikana wazi, refa akisema utumiwe, kuna sekunde 5. Zinatosha kwa macho yale mawili ya namba 10.

Penalti ndiyo uamuzi unaowakosesha manahodha usingizi. Ukiipata una njia nne: kupiga golini kwa pointi 3, kuutoa nje ukapata lainauti ya kurusha mwenyewe, skramu (fowadi wa pande zote mbili wakishikana na kusukumana kugombea mpira), au kugusa mpira kwa mguu haraka na kukimbia. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni 5, na mkwaju wa baada yake ni 2. Mwaka 2015, kwenye Kombe la Dunia kule Uingereza, kulikuwa na penalti mbili za mwisho wa mechi zinazofaa kuwekwa pamoja. Tarehe 19 Septemba mjini Brighton, Japani walikuwa nyuma ya Afrika Kusini kwa 32–29. Mkwaju mmoja ungewapa sare. Nahodha Michael Leitch akachagua skramu, Karne Hesketh akafunga trai pembeni, 34–32. Wiki moja baadaye Twickenham, Uingereza walikuwa nyuma ya Wales 28–25. Nahodha Chris Robshaw naye akakataa sare akautoa mpira kwenye kona. Lainauti ikarushwa mbele, Wales wakawasukuma nje, mechi ikaisha vilevile. Leitch akawa shujaa, Robshaw akalaumiwa mno.

Mimi naona uamuzi wa Robshaw wa kwanza haukuwa wa kipuuzi. Kilichomwangusha ni wa pili, wa kurusha mpira mbele ya lainauti. Ni rahisi kuudaka pale, lakini ni mita 5 tu kutoka mstari wa pembeni, na moli, kundi linalosukumana mpira ukiwa mikononi, ikianzia hapo inahitaji msukumo mmoja wa mshazari itoke nje. Japani walikuwa na kitu mkononi: Afrika Kusini walibaki 14 kwa sababu ya kadi ya njano. Unapokataa pointi 3, kuwe na sababu unayoweza kuitaja, na mpango wa hatua inayofuata, si ushujaa. Wafundishe manahodha wako maswali matatu: tumepishana pointi ngapi, zimebaki dakika ngapi, na fowadi wetu katika skramu ya mwisho walikwenda mbele au nyuma? La tatu ndilo wanalolisahau.

Kuna uamuzi mwingine usioonekana, wa kungoja. Fainali ya 2003 Sydney, muda wa nyongeza, Uingereza na Australia 17–17. Kila mtu alijua Jonny Wilkinson, namba 10 wa Uingereza, anataka kupiga teke la kudondosha: mpira unaachiwa udunde kisha unapigwa golini kwa pointi 3. Lakini Matt Dawson, namba 9, alikuwa amechomoka na mpira na kuzikwa chini ya watu, na pasi bora ilikuwa yake. Nahodha Martin Johnson akauchukua mpira akaingia nao mara moja zaidi, mita chache tu. Dawson akapata muda wa kurudi kwenye nafasi yake, pasi ikatoka, Wilkinson akapiga kwa mguu wa kulia ambao si wake wa kawaida. 20–17. Ukiirudia ile video, usimwangalie Wilkinson. Mwangalie Johnson.

Mazoezini basi fanya hivi. Chora eneo la mita 20 kwa 15. Washambuliaji wanne wasimame wakiwapa mgongo wakabaji watatu. Wewe uwaoneshe wakabaji kwa vidole wakae wapi: mara watatu wote kushoto, mara mmoja nyuma. Piga filimbi, washambuliaji wageuke na mpira uanze. Mara sita, pumziko dakika moja, kisha rudieni wakiwa wamechoka, maana uamuzi unaharibika pumzi ikikata na joto letu unalijua. Anza saa kumi na moja jioni, na uwe na kitambaa kikavu cha kufuta mpira, jasho linaufanya uteleze kama samaki. Akikosea, simamisha wote pale pale walipo na umuulize “uliona nini?” Usimuulize “kwa nini umefanya hivyo?” Swali hilo linamfanya ajitetee. La kwanza linakuonesha kama alitazama.

Niandikie upana wa uwanja wenu na mna mipira mingapi, nikupangie mazoezi ya wiki mbili. Na yule winga wako mwenye mbio uliyemsifia, uniambie kama anaongea uwanjani au yuko kimya.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Swahiba wa Upanga